Gari la Dizeli Lililotumika: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Wakulima wanaofika ofisini kwetu huuliza habari za mbegu, dawa ya kupe na bei ya maziwa. Siku hizi liko swali jingine: je, yafaa mtu auze ng'ombe kadhaa ili anunue gari kubwa la dizeli lililokwisha kutumika? Swali hili si dogo. Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, uliomaliza mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya, ng'ombe aliyebaki ni akiba ya nyumba nzima. Ng'ombe huzaa, gari halizai. Basi tulipime jambo hili kama tunavyopima shamba kabla ya kupanda.

Haja ya gari hilo

Hatuwezi kusema kwamba haja haipo. Ukitoka Kitengela kwa barabara ya Namanga, lami inakufikisha Isinya na Kajiado bila taabu. Lakini mashamba mengi yako mbali na lami. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunasa gari dogo mpaka liondolewe kwa trekta. Kiangazi kikija, vumbi hujaa kila mahali. Gari refu lenye nguvu katika magurudumu yote manne hupita. Tena injini ya dizeli hutumia mafuta machache kuliko ya petroli iliyo sawa nayo, nayo huvuta mzigo vizuri.

Hatari iko wapi?

Dizeli za zamani zilikuwa na mitambo michache, na fundi wa kijijini aliweza kuzitengeneza. Dizeli za sasa si hivyo. Pampu yake husukuma mafuta kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,000, hali tairi la gari dogo hujazwa hewa ya bar 2 hivi tu. Mafuta hayo hupita katika injekta zenye matundu membamba mno. Maji kidogo, uchafu kidogo, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huziharibu, kwa maana mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. Kuchanganya huku kulizidi hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha tabia hiyo.

Kila gari lina ugonjwa wake, hata lenye sifa njema. Injini ya Toyota ya lita 3 iitwayo 1KD, iliyotiwa katika Prado na Hilux nyingi tangu mwaka 2000, yajulikana kwa vikalio vya injekta kuvuja. Moshi huingia katika oili, oili huwa kama lami, chujio la chini huziba, na injini hukwama kwa kukosa oili. Injini iliyofuata, ya lita 2.8, ina kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro katika Prado, Hilux na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Kwa hiyo jina zuri la gari lisikufanye usilichunguze.

Mambo ya kutazama

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukigusa boneti ukaona ni moto, jiulize kwa nini muuzaji ameliwasha kabla hujafika.

2. Tazama moshi. Mweusi mwingi waonyesha mafuta hayachomeki sawasawa. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe usiokwisha, huenda maji yanaingia ndani au injekta zimechoka.

3. Fungua rejeta kabla injini haijapata moto, kisha iwashwe. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi imeungua au kichwa cha injini kimepasuka.

4. Toa filta ya hewa. Ikiwa vumbi limepita upande wa pili, turbo imekuwa ikila mchanga.

5. Usiamini namba ya kilomita peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Omba karatasi za gereji, utazame pia pedali na usukani ulivyolika.

6. Lipande mlima, ujaribu gia zote na magurudumu yote manne.

7. Hakikisha namba za injini na chasisi zalingana na hati, na uulize rekodi za NTSA. Jina la benki likiwamo katika hati, deni halijakwisha.

Mlete fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, na umlipe hata kama hununui. Gari linaloletwa kutoka ng'ambo halina budi kuwa halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Lakini lililotumika hapa laweza kuwa la umri wowote, tena limekwisha kula vumbi letu.

Hesabu ya mwisho

Ukiwa na shilingi milioni 2 na nusu, usinunue gari la milioni 2 na nusu. Tafuta la milioni 2, na nusu milioni uiweke kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiye na akiba hiyo, gari likiharibika atauza ng'ombe wa pili ili kumponya wa kwanza.

Tena hesabu siku ambazo kweli utapita matopeni. Zikiwa chache kwa mwaka, kukodi gari siku hizo, au kuungana na majirani kununua pikapu moja ya kazi, kwaweza kukufaa zaidi. Zikiwa nyingi, na fundi ameridhika, na akiba ipo, nunua. Ila usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.