Sindano ya Darasani na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, huandaa walimu. Mojawapo ya maswali yanayowangoja shuleni ni hili: kwa nini msichana mwenye afya njema achanjwe leo dhidi ya ugonjwa unaowapata zaidi wanawake wa makamo?

Jibu limo katika muda. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani alitangaza kuiona aina ya 16 katika uvimbe wa saratani hiyo. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mara nyingi mwili huvishinda virusi hivyo wenyewe. Vikidumu, protini zake mbili hulemaza protini za seli zenye kazi ya kuizuia isigawanyike ovyo. Hata hivyo, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea.

Katika muda huo mwanamke aweza kuokolewa. Mhudumu hupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe, napo hutibiwa kwa joto au baridi kali.

Chanjo hutangulia zaidi. Haina virusi hai, bali maganda matupu yanayoufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo sababu hutolewa mapema.

Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Utafiti wa Kenya, uliohusisha pia Kisumu, ulithibitisha kinga hiyo kwa wanawake vijana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliridhia dozi moja. Tanzania, iliyoanza kuchanja nchini kote mwaka 2018 kwa dozi mbili, iliifuata mwaka 2024.

Hivyo binti wa mvuvi anayehama kambi hahitaji tena kutafutwa kwa dozi ya pili. Lakini mzazi aliyesikia kuwa chanjo huleta utasa hapana budi aelezwe kwamba sivyo, na kwamba aliyechanjwa bado atapaswa kupimwa akiwa mtu mzima. Kazi hiyo huanza kwa mwalimu.