Injini Inayochemsha na Kutu Isiyoonekana

Daladala ya kutoka mjini Mwanza kwenda Buhongwa hupita Mkuyuni, Nyegezi na Mkolani ikisimama kila kituo, imejaa abiria, jua likiwaka. Injini ikianza kuchemsha, mafundi wengi hukimbilia kung'oa thamostati, na isipopoa wananunua rejeta ya mtumba. Gari hutulia siku chache, kisha ugonjwa unarudi. Mara nyingi ugonjwa huo haumo kwenye rejeta. Umo ndani ya bloku, kwenye njia za maji zinazozunguka silinda.

Bloku nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu. Chuma kikikutana na maji yenye oksijeni hufanya kutu, na kutu hiyo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, tena haipitishi joto vizuri. Magamba yake yakibanduka huchukuliwa na maji mpaka pale mwendo wa maji unapofifia, kwa kawaida chini, nyuma ya silinda ya mwisho. Hapo hujikusanya tope jekundu, zito. Silinda ya hapo hupata moto kuliko nyingine, gasketi inaungua, hedi inapinda au kupasuka. Kwetu Mwanza nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi: Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta uliolegea ni hasara kubwa zaidi huku kuliko Dar es Salaam.

Mashine za kusaga zina balaa lake. Injini ya dizeli ya silinda moja hupozwa kwa pipa la maji, na mwenye mashine anayeijali humwaga maji hayo kila mara na kujaza mapya ya ziwani, akiamini anaisafisha. Kumbe anailisha kutu. Maji yaliyokwisha kupata moto yamepoteza sehemu kubwa ya oksijeni yake. Mapya yanaileta tena. Maji ya ziwa hayana chokaa nyingi, kwa hiyo inatosha kuongeza kilichokauka na kulifunika pipa.

Bloku ikishafunguliwa ili isafishwe, achana na asidi ya betri na dawa kali za choo. Zinaondoa kutu upesi, kisha zinaendelea kula chuma chenyewe, na katika injini kuukuu kuta za njia za maji huenda zimekwisha konda. Wengine hutumia chaja ya betri na maji ya magadi: waya hasi kwenye bloku, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Njia hii ni nzuri kwa sehemu ya nje, lakini umeme hauingii vizuri kwenye kona za ndani, na hewa inayofuka ni haidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja. Kamwe usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa maana maji yake hugeuka sumu kali.

Kwa njia za maji, ninachokiamini ni molasi, ile ile ambayo wafugaji huwalisha ng'ombe, na viwanda vya sukari kama kile cha Kagera kule Misenyi huitoa. Ng'oa vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku, chokonoa tope kwa waya, lisukume kwa maji na upepo wa kompresa. Toa beringi zote na kila kitu cha aluminiamu, kwa kuwa molasi hula aluminiamu. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji kwenye pipa la plastiki, zamisha bloku yote, funika. Molasi hushika kutu na kuiyeyusha kidogo kidogo, na chuma kizima inakigusa kwa shida. Itatoa povu na kunuka; usishtuke. Subiri wiki 2 hadi 3.

Ukiitoa, ioshe kwa maji mengi, malizia na maji ya magadi, ipulize ikauke na uipake oili papo hapo. Chuma kilichotoka kusafishwa hushika kutu upya ndani ya saa chache. Weka vizibo vipya, rudisha thamostati, na jaza kulanti iliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Maji matupu yatakurudisha ulikotoka.

Usimwage mtaroni kulanti iliyotumika. Nyingi ina glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa. Itie kwenye dumu lenye mfuniko, iandike, uitunze mpaka upate wa kuichukua. Mitaro ya Mwanza inaishia ziwani, na maji ya bomba ya jiji hili yanachotwa humo humo, Capripoint na Butimba.