Kuziba na Kuunga

Usiku wa manane niliamshwa na mchuruziko wa maji sebuleni. Tangi la kioo ambamo wanangu hufuga samaki wa dhahabu lilikuwa limeachia mshono wa pembeni, na maji yakishukia karatasi za mtihani nilizoziweka chini ya meza. Nilichomoa kwanza waya wa pampu, kisha nikaanika majibu ya wanafunzi moja moja. Yote yalisomeka ila mawili. Wenyewe ilinibidi niwaite na kuwaomba radhi.

Asubuhi nilimwita fundi wa vioo nikamwambia, "Nizibie hapa." Naye alitii: akapaka silikoni mpya juu ya ile kuukuu, kwa nje. Siku ya tatu tangi likavuja tena. Msomaji asimlaumu fundi. Kosa lilikuwa la kitenzi changu.

Sisi watu wa pwani tukisikia chombo kinavuja, fikira hutukimbilia kukalafati jahazi, pamba na mafuta yakishindiliwa baina ya mbao. Lakini ubao hunywa maji, ukavimba na kujibana, kioo hakinywi. Isitoshe, jahazi husukumwa na bahari kutoka nje, ilhali tangi husukumwa na maji yake lenyewe kutoka ndani. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 40 likijaa hubeba lita 162, yaani kilo 162, na ni silikoni pekee inayozuia vioo visiachane. Wala silikoni mpya haishiki barabara juu ya ile iliyokwisha kukauka.

Safari ya pili nilisema, "Unga upya." Vioo vikabanduliwa, silikoni yote ya zamani ikakwanguliwa kwa wembe, kingo zikapanguswa kwa spiriti, ndipo zikaungwa kwa silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu, kwani dawa hiyo huwadhuru samaki. Nyumba ikanuka siki. Tulingoja wiki nzima, tukalijaribu uani kwanza.

Muda huo samaki walikaa katika beseni, wakibadilishiwa maji yaliyolazwa ndooni ili klorini itoke. Sifongo ya chujio hatukuikausha, maana ndimo wanamoishi bakteria wanaosafisha maji. Hata hivyo, wawili kati ya watano walikufa. Binti yangu aliniuliza kwa nini sikumwambia fundi sawasawa tangu mwanzo, mimi ninayefundisha maneno. Jibu lake sijampa.