Uti wa mgongo wa virusi: tusiikimbie sindano



Hapa Greyville, ng'ambo tu ya uwanja wa mbio za farasi, Watanzania na Wakongo tukisikia fulani ana "homa ya uti wa mgongo" tunaanza kuchanga nauli ya maiti. Tuelewane kidogo. Jina lenyewe linapotosha: kinachovimba ni utando unaofunika ubongo na uti, na kinachouvimbisha ni bakteria, kifua kikuu, fangasi au virusi.

Ule wa virusi mara nyingi hupona wenyewe. Wakosaji wakubwa ni enterovirusi, ukoo mmoja na polio. Hukaa tumboni na kupita kwa mikono michafu na maji yenye kinyesi, hasa majira ya joto. (Kwa hiyo maji taka yaliyomwagika Durban baada ya mafuriko ya Aprili 2022 hayakuwahusu waogeleaji tu.) Wamo pia virusi vya malengelenge, matubwitubwi, na VVU vyenyewe wiki za mwanzo.

Sasa basi: homa, kichwa kupasuka, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga. Kwa kumtazama tu mgonjwa, hakuna daktari awezaye kusema ni kipi. Ndipo inapokuja sindano ya mgongoni, na ndipo jamaa wanapokataa, eti atapooza. Jamani, kwa mtu mzima uti huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini yake, kati ya ya tatu na ya nne. Kuumwa kichwa siku kadhaa, hilo kweli lipo.

Maji yakiwa na ukungu na sukari imeshuka, shuku bakteria. Ya virusi huwa meupe, limfosaiti nyingi, sukari kawaida, na kipimo cha PCR hutaja kirusi. Lakini kifua kikuu na fangasi ya kriptokokasi nao hutoa maji meupe! KwaZulu-Natal hii, yenye VVU vingi, ukiambiwa "ni virusi tu" uliza kama hivyo viwili vimepimwa.

Hospitali ikianza seftriaksoni kabla ya majibu, msigombe, bakteria haisubiri. Ikithibitika ni virusi itasimamishwa, maana haivigusi. Kinachobaki ni mapumziko, maji na parasetamoli, siku saba hadi kumi hivi. Mgonjwa akianza kuweweseka, kubadilika tabia au kupata degedege, hapo malengelenge huenda yameingia ubongoni: asiklovia ya mshipa, saa hiyohiyo.

Wasalaam,
Durban