"Herufi Zimeharibika": Lalamiko Moja, Hitilafu Nne

Katika ofisi zinazotayarisha vitabu, mitihani na nyaraka za serikali, lalamiko moja husikika kila mara programu ya kupanga kurasa inapobadilishwa na toleo jipya: "Herufi zimeharibika." Mfasiri husema hivyo anapoona neno ng'ombe limegeuka kuwa ng’ombe. Mwalimu husema hivyo anapoona mtihani wa kurasa nane umekuwa wa kurasa tisa. Karani wa matbaa naye husema hivyo anapoona maandishi yamefifia na kingo zake zina meno kama msumeno. Wote watatu wametumia maneno yale yale, lakini hawakusema jambo moja. Matokeo yake ni kwamba fundi anayeitwa hujaribu dawa moja kwa maradhi yote, na mara nyingine dawa hiyo huharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chini ya lalamiko hilo mmefichwa hitilafu nne zilizo mbalimbali, na kwamba kila moja ina mahali pake, dalili yake na tiba yake. Tunakusudia pia kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mtumiaji asiye fundi kusema ni ipi kati ya hizo nne iliyompata.

1. Herufi ya risasi na herufi ya kompyuta

Chanzo cha mkanganyiko huu ni neno herufi lenyewe. Katika matbaa ya zamani herufi ilikuwa kipande cha risasi. Kipande hicho kimoja kilibeba mambo yote kwa pamoja: kilikuwa ni A wala si B; kilikuwa na umbo la aina fulani; kilikuwa na upana wake; nacho ndicho kilichogusa karatasi. Kikivunjika, vyote vilivunjika pamoja, na neno moja lilitosha.

Kompyuta imeyatenganisha mambo hayo. Ndani ya faili hamna A. Mna nambari inayowakilisha A. Nambari hiyo tunaiita msimbo. Michoro ya herufi imo katika faili nyingine, ambayo ndiyo fonti, na kila mchoro mmoja tunauita umbo. Fonti hiyo hiyo hubeba pia vipimo, yaani upana wa kila umbo na nafasi kati ya umbo na umbo. Mwisho, programu hukusanya yote hayo na kutoa ukurasa wa kwenda kwenye printa, aghalabu katika faili ya PDF. Huo ndio tokeo. Yafaa tuyachunguze mambo haya manne moja baada ya jingine.

2. Hitilafu ya msimbo

Mfano ulio karibu zaidi na lugha yetu ni alama ya ritifaa katika ng'. Alama hii yaweza kuandikwa kwa misimbo miwili katika Unicode: ile iliyonyooka, U+0027, na ile iliyopinda, U+2019. Kwa jicho tofauti ni ndogo. Kwa kompyuta ni alama mbili zisizohusiana. Mfasiri anayetafuta ng'ombe katika orodha ya istilahi aliyoiandika kwa misimbo yote miwili anaweza kupata nusu tu ya maingizo yake.

Shida huzidi pale toleo jipya linaposoma faili ya zamani. Katika mpangilio wa misimbo uitwao Windows-1252, alama iliyopinda ni nambari 146. Katika UTF-8, ambao leo ndio mpangilio wa kawaida, alama hiyo hiyo huandikwa kwa baiti tatu. Faili ya UTF-8 ikisomwa kana kwamba ni ya Windows-1252, baiti hizo tatu huonekana kama alama tatu, na hapo ndipo ng’ombe anapozaliwa. Kinyume chake, faili ya zamani ikisomwa kana kwamba ni ya UTF-8, nambari 146 haina maana, na mahali pake huwekwa alama ya kuulizia au programu hukataa kuendelea.

Kisa cha LaTeX chafaa kuelezwa hapa. Katika matoleo ya kabla ya Aprili 2018, faili ambayo haikutaja mpangilio wake wa misimbo ilipelekwa kwenye fonti jinsi ilivyo. Fonti ya awali ya programu hiyo ina nafasi 128 tu, kwa hiyo nambari 146 haikupata umbo lolote. Alama iliangushwa kimya kimya, na habari zake zikaandikwa katika faili ya kumbukumbu ambayo wengi hawaisomi. Ng'oa likachapishwa ngoa. Wasomaji wetu wanajua kwamba haya ni maneno mawili: la kwanza ni kitendo cha kutoa kitu pamoja na mizizi yake, la pili ni tamaa au wivu. Tangu toleo la Aprili 2018, LaTeX huchukulia kwamba kila faili ni ya UTF-8 isipoambiwa vingine, na ikikutana na nambari 146 peke yake husimama na kutangaza kosa. Mtumiaji hulaumu toleo jipya, ilhali toleo hilo limefichua tu kosa lililokuwapo siku zote. Mjumbe hauawi.

Tiba ya hitilafu ya msimbo ni kuifungua faili upya kwa kuutaja mpangilio wake wa zamani, kisha kuihifadhi nakala yake katika UTF-8. Hapana budi kutahadhari na jambo moja: faili iliyofunguliwa vibaya isihifadhiwe. Alama ya kuulizia ikishaandikwa mahali pa msimbo wa asili, msimbo huo umepotea, na hakuna programu itakayoweza kujua palikuwa na nini.

3. Hitilafu ya fonti

Hapa msimbo ni mzima, lakini programu haina maumbo ya kuuonyesha. Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni ni fonti za Type 1, zilizotolewa na Adobe mwaka 1984 pamoja na lugha ya PostScript. Fonti hizi zilitumika katika matbaa duniani kote kwa muda wa kizazi kizima. Microsoft Office iliacha kuzitumia katika toleo la 2013. LibreOffice katika toleo la 5.3 la mwaka 2017. Adobe yenyewe iliziondoa katika Photoshop mwaka 2021 na katika programu zake nyingine Januari 2023.

Dalili yake humshangaza mtumiaji: programu husema fonti haipo, naye anaiona ipo katika diski. Fonti ipo kweli, lakini programu haijui tena kuisoma. Kuiweka upya mara kumi hakusaidii. Tiba ni kupata fonti ya jina hilo hilo katika muundo wa OpenType, au kuigeuza ile ya zamani ikiwa leseni yake inaruhusu. Faili za PDF zilizotengenezwa zamani na kubeba fonti hizo ndani yake zingali zinasomeka na kuchapika. Kinachozuiwa ni kuyahariri maandishi yake katika programu mpya.

Kuna sura nyingine ya hitilafu hii inayozihusu lugha zetu za Afrika. Mpangilio wa Windows-1252 hauna ĩ wala ũ, herufi zinazohitajika katika Kikuyu. Kabla ya Unicode kuenea, ilikuwa kawaida kuchora umbo linalohitajika juu ya nafasi ya herufi nyingine. Tuseme ũ ilichorwa katika nafasi ya û, nambari 251. Maadamu fonti hiyo ipo, mũndũ huonekana sawasawa. Ikiondoka, neno huwa mûndû. Hapa kuirudisha fonti ni kuahirisha tu shida, kwa kuwa faili yenyewe ilikuwa ikisema uongo na fonti ikiuficha. Yafaa misimbo igeuzwe kuwa ya Unicode, lakini katika sehemu zile tu zilizoandikwa kwa fonti hiyo. Vinginevyo jina la Kifaransa lenye û halali litaharibiwa pamoja na makosa.

4. Hitilafu ya vipimo

Fonti isipopatikana, programu nyingi huweka nyingine mahali pake. Kila herufi husomeka, na kwa sababu hiyo hitilafu hii ni rahisi kupita bila kuonekana. Lakini upana wa maumbo umebadilika: mstari huvunjika mahali papya, aya huongezeka mstari, na jedwali husukumwa hadi ukurasa wa pili. Katika barua ya kawaida hilo ni dogo. Katika mtihani unaosema "tazama mchoro ulio ukurasa wa 7", au katika kitabu chenye faharasa ya nambari za kurasa, ni kosa linalomfikia mtahiniwa na msomaji.

Hata jina lile lile la fonti si dhamana, kwani toleo jipya la fonti laweza kuwa na vipimo vipya. Kwa upande mwingine, zipo fonti zilizotengenezwa makusudi ili zilingane kwa upana na nyingine. Fonti za Liberation, zilizotolewa na Red Hat mwaka 2007, zina upana sawa na Arial, Times New Roman na Courier New, ingawa maumbo yake si yale yale. Aidha, ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari uchunguzwe. Programu isipoambiwa kwamba maandishi ni ya Kiswahili, aghalabu hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, nazo haziijui silabi yetu.

Kipimo cha hitilafu hii ni kulinganisha PDF ya zamani na mpya: idadi ya kurasa kwanza, kisha neno la mwisho la kila ukurasa.

5. Hitilafu ya tokeo

Mara nyingine kila kitu ni sawa katika kioo cha mtayarishaji, lakini si sawa kwa mchapaji. Sababu ya kawaida ni kwamba fonti haikupachikwa ndani ya PDF, na kompyuta ya mchapaji imetia yake. Sababu nyingine ni fonti ya nukta. Fonti nyingi za leo ni za mzingo: kila umbo huelezwa kwa mistari inayoweza kukuzwa bila kuharibika. Fonti ya nukta ni picha ya ukubwa mmoja. Katika LaTeX, mtumiaji akichagua mpangilio wa fonti uitwao T1 bila ya kuwa na mkusanyo wa cm-super, programu hujitengenezea fonti za nukta, na maandishi huonekana yamefifia kiooni. Tiba ni kuweka cm-super, au kutumia fonti za Latin Modern.

Majaribio mawili hutosha. La kwanza ni kufungua orodha ya fonti katika maelezo ya PDF na kuona kama kila fonti imepachikwa na ni ya muundo gani. La pili ni kunakili aya moja na kuibandika katika faili ya maandishi matupu. Ikiwa kinachobandikwa si kinachoonekana, basi tokeo lina maumbo sahihi lakini limepoteza misimbo, na nyaraka hiyo haitaweza kutafutwa humo neno lolote.

6. Utaratibu na istilahi

Kabla ya kuhamia toleo jipya, zihifadhiwe faili za asili, fonti zake na PDF moja ya mwisho iliyo sahihi. Tahadhari hii si ya bure: faili ya InDesign iliyohifadhiwa katika toleo jipya haifunguki moja kwa moja katika toleo la zamani. Baada ya kuhama, uchunguzi ufuate mpango huu: msimbo, fonti, vipimo, tokeo. Anayeanzia mwisho hutengeneza tokeo zuri la maandishi yenye makosa.

Tunapendekeza istilahi zifuatazo zitumike:

Msimbo: nambari inayowakilisha herufi ndani ya faili.
Umbo: mchoro mmoja wa herufi katika fonti.
Fonti: mkusanyo wa maumbo pamoja na vipimo vyake.
Vipimo: upana wa maumbo na nafasi kati yake.
Kupachika: kuiweka fonti ndani ya faili ya tokeo.
Fonti ya mzingo na fonti ya nukta: kama zilivyoelezwa hapo juu.
Tokeo: ukurasa uliokamilika, tayari kwa kioo au karatasi.

Neno herufi libaki na maana yake ya siku zote, ile anayoifundisha mwalimu wa darasa la kwanza. Lakini katika taarifa ya hitilafu lisisimame peke yake. Karani anayeandika "vipimo vimebadilika kuanzia ukurasa wa 4" amemwokolea fundi kazi kubwa, na amemwokoa mtahiniwa na mchoro usiopo. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa wale wanaofanya kazi katika matbaa, tunawaomba watuletee ili yajadiliwe.