Safari Yetu ya Kondoa Irangi

Ndugu zetu wasomaji, sisi tukaao Mwanza tumezoea kufungua dirisha alfajiri tukaliona ziwa. Ijapokuwa siku nyingine bomba la mlimani hukauka na akina mama wakapanda mawe na ndoo kichwani, ziwa lipo pale pale machoni petu, kilomita za mraba zipatazo 68,000 za maji matamu. Neema iliyo karibu mno na macho ni nyepesi kusahauliwa. Basi jamaa zetu wa Kondoa walipotualika kuwazuru, tuliona yafaa twende tukawatazame ndugu wakaao katika nchi ya milima na ukame.

Tuliondoka Mwanza baada ya sala ya alfajiri, tukapita Shinyanga na Nzega, tukalala Singida. Siku ya pili tulipita Katesh, chini ya Mlima Hanang. Hapo, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliteremka kutoka mlimani vikaua watu zaidi ya 80. Tuliwaombea marehemu, tukaendelea hadi Babati, kisha tukageuka kusini. Kutoka Bereko barabara inapita katika milima ya Irangi mpaka Kolo, penye michoro ya kale ya miambani iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kabla ya magharibi tukaingia Kondoa.

Mji huu ni mtulivu. Punda hupita na madumu ya maji, wazee hukaa barazani na kofia zao, na adhana inapotoka husikika mbali kwa kuwa hakuna kelele ya kuizuia. Walakini mji huu si mgeni wa mambo ya dunia. Misafara ya wafanya biashara wa pwani ilikuwa ikifika Irangi kununua nafaka na kupumzika. Mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana hapa. Leo Warangi walio wengi ni Waislamu, na mgeni hupokewa kwa salamu ndefu kabla ya kuulizwa atokako.

Mvua ya Kondoa hunyesha msimu mmoja tu, yapata milimita 600 kwa mwaka. Mji umebahatika kuwa na chemchemi, lakini vijijini wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mto mkavu ili kupata maji. Jioni ile mwenyeji wetu alituletea maji ya udhu katika birika moja, na sisi watu wa ziwa tulikuwa wanne. Tulitazamana. Kisha tukakumbuka kuwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Tulitawadha sote wanne, na maji yakabaki. Hakika tuliona haya kwa yale tunayoyamwaga nyumbani.

Asubuhi yake tulipelekwa kuyaona makorongo. Ni mabonde mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua, mengine yaweza kumeza nyumba nzima. Hayakuja kwa siku moja. Misitu ya vilimani ilikatwa kwa mashamba na kuni. Katika enzi ya Waingereza vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Mifugo nayo ikazidi majani. Ardhi ikabaki uchi, na kila mvua ikachukua sehemu yake.

Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa nchi ya Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO kwa kifupi. Matuta yakachimbwa na miti ikapandwa, lakini ng'ombe wakala kilichoota. Basi mwaka 1979 ikatoka amri kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, makumi ya maelfu, wakatolewa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Mwenye ng'ombe hakupoteza mali tu. Alipoteza maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, mahari ya kijana wake na akiba ya siku ya njaa. Wako waliofuata mifugo yao nchi za mbali, familia zikagawanyika. Na walioumia zaidi si wale waliokata mti wa kwanza, bali wajukuu wao.

Lakini pia tuliona rehema ya Mwenyezi Mungu. Ardhi ilipopumzishwa, majani yalirudi, kisha vichaka, kisha miti. Kuanzia mwaka 1989 watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache ndani ya zizi na kuwakatia majani. Tuliona kilima kilichofunikwa miti ambacho wenyeji walituambia kwamba zamani kilikuwa udongo mtupu. Ardhi hupona, ila gharama yake hulipwa na watu.

Hata kwetu Usukumani elimu hii haikukosekana. Wazee walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Ziliachwa nyingi, na mpango ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ukazirudisha, miti ikaota tena. Huko watu walirudia desturi yao wenyewe, na jambo likawa jepesi kwao.

Tuliporudi Mwanza tuliutazama Mto Mirongo unavyopeleka taka na udongo ziwani, na vilima vyetu vinavyovuliwa miti ili nyumba zijengwe juu ya mawe. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kondoa walijenga ukuta, na tumeona bei yake. Sisi bado tuko kwenye ufa.

Basi tuanze majumbani mwetu. Mama awafunze watoto kutawadha kwa kibaba. Baba apande mti uani, na aingie katika thawabu aliyotuahidi Mtume (S.A.W.), kwamba chochote kiliwacho na ndege, mtu au mnyama katika alichokipanda Mwislamu ni sadaka yake. Na taka zisitupwe mtoni, kwani maji yale kuna jirani atakayeyanywa. Ardhi na maji ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

Mola awalipe kheri wenyeji wetu wa Kondoa, na atujaalie kuishukuru neema kabla haijaondoka. Amin.