Umeajiri kichwa, mbona unasimamia mikono tu?

Leo tuongee kuhusu yule mfanyakazi ambaye ukimtazama kwa mbali unaona kama hafanyi kitu.

Chukua mfano wa huku Kwai, ukishapita msitu wa Magamba kutoka Lushoto mjini. Biashara kubwa ni mboga: kabichi, karoti, hoho, zinashuka Mombo zinakwenda Dar. Tuseme una kitalu cha miche ya kuuza na umemwajiri kijana aliyesomea kilimo. Asubuhi unamkuta amechuchumaa, anashika udongo, anageuza jani aone upande wa chini, anaandika kwenye daftari. Nusu saa nzima! Damu inachemka: "Mgosi, nakulipa uangalie majani?" Unampa amri: mwagilia asubuhi na jioni kila siku, nisikukute umekaa.

Sasa ukungu umetanda siku ya tatu, udongo umeloa tayari. Kijana anajua kabisa maji yakizidi kwenye hali hii kinyausi kinaingia, mche unaoza shingoni na kulala. Lakini bosi kasema. Anamwagilia. Baada ya siku chache sehemu kubwa ya kitalu imelala, na wateja waliotanguliza pesa wako mlangoni. Utamlaumu nani? Yeye alitii.

Hilo ndilo tatizo la kumsimamia mtu wa maarifa kama kibarua wa kupakia gari. Wa gari unahesabu magunia, basi. Huyu mwingine kazi yake iko kichwani, na ukimwamuru kila hatua umelipia kichwa halafu ukakifunga. Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi kule Marekani, alikuwa anaandika juu ya kazi ya maarifa tangu 1959, lakini sisi wa Usambara tuna mfano wetu wa zamani zaidi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa milima hii. Wakulima wakalazimishwa kupiga matuta kwenye miteremko, asiyepiga anaadhibiwa. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, udongo ulikuwa unakwenda na mvua. Ila aliyekuwa anaamriwa ni mtu aliyelima mlima ule tangu utoto, na maoni yake hayakuwa na uzito. Watu wakagoma, na mwaka 1957 mpango ukafa. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa SECAP na njia nyingine: panda majani na miti kukata mteremko, majani hayohayo ulishe ng'ombe wa ndani. Hapo mkulima aliona faida yake mwenyewe.

Sasa rudi kitaluni. Mpe kijana matokeo unayoyataka, siyo ndoo. Mwambie: "Nataka miche 1,000 iliyokomaa, mteja anaichukua tarehe 15, bajeti yako ni hii. Ukiona jambo linaharibika niambie siku hiyohiyo." Halafu mwache. Kumwacha siyo kumtelekeza, jamani. Pangeni siku moja ya wiki mnapita kitaluni pamoja, yeye anaeleza, wewe unauliza. Swali zuri ni "kwa nini umefanya hivi?" ukiuliza kwa sauti ya kutaka kujua, siyo ya polisi.

Na mpe habari za soko. Wengi wetu tunaficha. Unajua kabisa wanunuzi wa Dar wanalalamikia kabichi kubwa mno, kijana wako hajui, anaendelea kuotesha mbegu ileile. Hawezi kufikiria juu ya kitu ambacho hajaambiwa.

Kwa mchora nembo au anayekuendeshea ukurasa wa biashara ni hivyohivyo. "Nitengenezee kitu kizuri" siyo kazi, ni mtego. Mweleze nani atanunua, bidhaa itakaa duka la aina gani, mshindani wako anatumia rangi gani. Kubalianeni kabla idadi ya marekebisho, na umlipe sehemu mwanzoni. Usimkalie begani ukisema "sogeza kushoto kidogo". Ukishamgeuza kuwa mkono wa panya ya kompyuta, usishangae nembo ikifanana na ladha yako badala ya kuvutia wateja.

Kuna hofu moja ambayo siidharau: "Nikimwachia, atajua kila kitu, kesho anafungua kitalu chake Lukozi na wateja wangu." Inatokea. Lakini kumbana hakuzuii, kunaharakisha. Kinachosaidia ni kukubaliana siku ya kwanza kwamba daftari la kitalu ni la biashara: tarehe za kusia, mbegu gani, dawa gani, nini kilikufa na kwa nini. Akiondoka, daftari linabaki. Kisha ongeza kitu juu ya mshahara kwa kila mche uliotoka hai ukauzwa, kiasi mnachokubaliana kwa maandishi. Hapo hata usiku wa baridi ataamka mwenyewe kufunika kitalu.

Kesho ukimkuta amechuchumaa, muulize tu: "Nini kinakukwamisha?" Huenda jibu likawa kitu cha bei ndogo: kivuli kimechanika, pampu inavuja, mbegu uliyonunua haina lebo. Hayo ni ya kwako kuyatatua, na ukiyatatua asubuhi, mchana utaona tofauti.